Usimuue Kaka wa Bibi Yun

Riziki,

Soksi, dawa, karatasi zako za jeshi, hayo mjomba wako Elia atakuambia, anapenda sana kuwaambia watu mambo wanayoyajua. Mimi nina hasira. Nimekaa kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, wewe utanijibu kwa Kiingereza, na tutaishia palepale tulipoishia juzi na jana.

Ni saa tisa mchana. Niko kazini, jikoni kwa Bibi Yun, yule mzee wa Kikorea ninayemwangalia. Amelala usingizi wake wa mchana na mlango nimeuacha wazi ili nimsikie akiita. Kesho unapanda ndege kwenda nchi yake. Tangu urudi likizo tumeishi nyumba moja hapa Shively, Louisville, kama wapangaji wawili wasiojuana. Unatoka bafuni, naingia. Nakula, unasema umeshiba.

Najua unachongoja. Unangoja nitoe lile neno. Pasaka tulipokwenda mji wa Columbus, ukumbini kwa mjomba wako kule Northland, wazee wetu wote wamekaa, nilisimama nikasema: "Riziki akienda kule, kwangu amekufa." Kila mtu alisikia. Na wewe umekulia Amerika lakini hilo unalijua: kwetu neno kama hilo likisemwa mbele ya wazee halifutwi chumbani kwa kunong'ona. Linabaki limesimama mpaka aliyelisema alitoe mbele ya wale wale. Mtoto akisafiri bado limesimama, amesafiri bila mama. Ulitoka nje bila koti, ukakaa kwenye gari. Sikukufuata.

Bon, haya. Acha nikuambie hasira yangu imetoka wapi, kwa sababu nadhani unafikiri yote ni yako.

Unakumbuka Buffalo, mji wetu wa kwanza Amerika? Ulikuwa na miaka saba, Kiingereza ulikishika kabla yetu wote, ukawa mdomo wangu. Mwenye nyumba alikuja mwezi ule wa theluji nyingi akauliza kama kila kitu kiko sawa. Hita ilikuwa imekufa, tulikuwa tunalala na makoti na viatu. Wewe ukanitazama. Mimi nikakutikisia kichwa, sema yesi. Ukasema yesi. Mama wa ofisi ya wakimbizi akauliza kama tunaelewa barua zote, sema yesi. Mwalimu akauliza kama nyumbani kuna mtu wa kukusaidia masomo, sema yesi. Niliogopa kwamba tukisema hapana hata mara moja watatukumbuka kuwa sisi ni watu wa shida, waturudishe kambini. Nilidhani nakufundisha kuishi. Kumbe nakufundisha kutomkatalia mtu mwenye karatasi mkononi na tabasamu usoni.

Halafu tukahamia hapa Louisville, ukakua, siku moja yule wa jeshi akaja shuleni kwenu na karatasi zake. Amevaa vizuri, anakuita kwa jina. Akauliza. Wewe ukasema ulichofundishwa. Ukaweka saini mwenyewe, una miaka kumi na minane, mimi nikaambiwa ukiwa umeshamaliza. Sehemu hiyo ya hasira ni yangu, nimeikubali, naibeba. Sitaki unisaidie kuibeba.

Lakini kuna nyingine.

Uliponipigia kutoka mafunzo ukanieleza kazi waliyokupa, nilifikiri sijasikia vizuri. Kwamba bomu la nyuklia likipigwa, ninyi ndio mnakuja nyuma na nguo za plastiki na mipira ya maji. Mnaosha magari, mnaosha barabara, mnaosha watu, mpaka vumbi lile litoke. Nikakuuliza, na likishaingia ndani ya mtu mnamwosha na nini? Ukasema ni kazi tu, mama, lazima mtu aifanye. Riziki, mimi naosha wazee kila siku ya Mungu. Najua maji yanafika wapi. Waliotengeneza kitu kama kile halafu wakatengeneza na kikosi cha kuosha, wanawadanganya watoto wa watu kwamba kuna siku ya pili yake. Hiyo siku ya pili hawaijui, wanaichora tu ubaoni.

Na kama hiyo haitoshi, ukanipa habari ile nyingine, kwa furaha kabisa, kama mtu anayetangaza kwamba kijana wa kwetu amechukuliwa na timu ya Ulaya. Kwamba jiwe lililowekwa katika bomu la Hiroshima lilitoka kwetu Congo. Katanga. Mwalimu wenu wa jeshi ndiye aliyewaambia, na darasa zima likakugeukia. Ukacheka. Mimi nilikaa chini.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kutoka kwetu milimani akiwa kijana asiye na ndevu, akapelekwa Katanga kuchimba. Hakuomba kwenda. Alirudi na blanketi na kikohozi. Sisi wajukuu alitupa hadithi za mawe mazuri, ya njano na kijani, kama ndizi inayoanza kuiva, waliyokuwa wanayajaza katika mifuko na kuyabeba begani. Wakiuliza ya nini, wazungu wa kampuni wanasema ya dawa. Mimi sijui kama alichimba shimo lile lile. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa jina la babu yangu linafaa kuandikwa popote. Hilo ndilo linaloniwasha. Sisi hata lawama yetu hatuwezi kuipata vizuri.

Nilimwambia Bibi Yun. Nilimwambia nikiwa namchana nywele, nimesimama nyuma yake, asinione uso. Kwa maana Bibi Yun alikuwa Hiroshima. Wewe hulijui hilo, hukuwahi kumuuliza, ulikuja hapa mara moja kunichukua ukabaki kwenye gari na simu yako. Alikuwa mtoto. Wakorea walikuwa wengi mle mjini, Wajapani waliwapeleka kuwafanyia kazi, na baba yake alikuwa kiwandani. Asubuhi ile mama yake alikuwa amewatoa watoto kwenda nje ya mji kutafuta mboga. Baba hakurudi, wala hakupatikana wa kuzikwa.

Basi nikamwambia, jiwe lile ni la kwetu, na pengine babu yangu alilibeba. Kitana kikasimama kichwani. Akaniuliza kama babu yangu aliambiwa ni la nini. Nikasema hapana. Akasema baba yake naye hawakumwambia kitu. Akanigonga mkono, kwamba niendelee kuchana.

Tangu siku hiyo sikumwona tena kama kazi. Na ndiyo maana nilimfanyia kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kumfanyia mtu kwa nia njema.

Ana kaka yake. Baada ya Hiroshima mama yao aliwarudisha kwao, kijiji ambacho leo kiko Korea Kaskazini. Vita vya Korea vilipokuja wakakimbilia kusini. Kaka akabaki na bibi yao asiyeweza kutembea, wakaagana kama watu watakaoonana wiki ijayo. Mstari wa mpaka ukafungwa. Mpaka leo hakuna barua, hakuna simu, hakuna chochote. Yeye akaolewa, akazaa, mtoto akamleta Amerika. Lakini kila asubuhi wali ukiiva, bakuli la kwanza analijaza, analifunika, analiweka kando. Ni la kaka. Kwao ndivyo wanavyofanya kwa mtu aliye safarini, asikose chakula huko aliko. Jioni mimi ndiye ninayelila au kulimwaga.

Na anaamini nchi yao itaungana. Hazungumzi kama mtu anayeomba, anazungumza kama mtu anayengoja fundi aliyechelewa. Kila jioni anafungua habari za Kikorea. Wakubwa wakipeana mikono, anapika. Wakirusha kombora, anazima televisheni na kuwatukana wote, wa Kaskazini, wa Kusini na wa hapa Amerika, bila kubagua. Mwanaye anaona haya. Mimi hapana, mimi nampa maji anywe aendelee.

Sasa mimi na akili yangu ya kwetu nikaona huyu mzee anateseka. Kwetu mtu akipotea vitani haachwi hewani. Wazee wanakaa, wanasema inatosha, tumlie. Tunalia matanga, tunanyoa, tunapika, tunafunga msiba, wanaobaki wanalala. Si tulimfanyia hivyo baba yako, kule kambini? Hatukuwa na mwili, tulikuwa na shati. Nikasema bon, huyu hana watu wa kumsaidia kulia. Nikawaambia wamama wa kanisa.

Jumamosi moja ya baridi mwanaye alikuwa safarini. Tukaja na gari mbili. Tulivua hereni, tukafunga vitenge, tukaleta maharage na sombe ya majani ya mihogo na sufuria ya bugali kubwa ya kulisha kijiji. Tukakaa chini kwenye zulia lake jeupe tukaanza kuimba. Bibi Yun akafurahi. Riziki, alipiga makofi. Alidhani tumekuja kumtembelea, akanituma nitoe machungwa, akawa anamenya yeye mwenyewe na kumpa kila mtu. Mimi nikamwacha afurahi, nikasema moyoni, ataelewa polepole. Mpaka Mama Esta aliposimama kuomba kwa Kiingereza, akamwomba Mungu ampokee kaka wa mama huyu katika pumziko lake.

Bibi Yun akaacha kumenya. Akauliza nani ametuambia kwamba amekufa. Akasimama na kile chuma chake cha kutembelea, chenye magurudumu na kiti, akaenda mpaka jikoni, akaivuta sufuria ya maharage juu ya kiti cha chuma kile, akaisukuma hadi mlangoni, akaimwaga kwenye theluji. Hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Kisha akatugeukia akasema: "Mmechoka ninyi. Mimi sijachoka."

Tuliondoka tukiwa tumeshika viatu mikononi.

Alinikatalia kwa muda, akaja mwingine kumwangalia. Nikawa nyumbani, na badala ya kumfikiria yeye, nikamfikiria baba yako. Nani aliniambia kwamba amekufa? Hakuna aliyemwona. Wazee walikaa wakasema inatosha. Walichoka wao. Kulikuwa na watoto wa kulisha, na mwanamke anayelia kila jioni anasumbua hema za jirani, basi ikawa rahisi mtu yule afe. Mimi nikasema yesi. Sikuambii baba yako yuko hai, usije ukashika hilo. Nakuambia tu kwamba sikuulizwa, na tangu siku ile ya maharage hasira hiyo haijanitoka.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia watu wenye tai wanasema kuungana kwa Korea ni ndoto iliyokufa, au kwamba mabomu hayo hayawezi tena kuondolewa duniani, tuzoee, nawajua. Wamechoka wao. Wanataka kutulisha matanga ya kitu ambacho bado kinapumua, ili wakalale.

Utaniambia mama, hujui siasa. Sijui, kweli. Ila ukusanyaji wa silaha nimeuona. Kwetu walikuja watu wa Umoja wa Mataifa na magari meupe, wakasema leteni bunduki, amani imefika. Vijana wa pande zote wakapanga foleni wakatoa bunduki mbovu, zilizokatika kitako, zisizo na risasi. Nzima zote zikabaki zimefukiwa mashambani. Kila upande ulisema utafukua ya kwake baada ya mwenzake. Hao wakubwa wa mabomu sasa, nikiwasikiliza kwenye televisheni ya Bibi Yun, ni wale wale vijana wa foleni. Wamezeeka tu na kuvaa suti.

Na nikuambie nani aliyefukua. Mama yangu. Bibi yako aliyekupa jina. Mjomba wako Elia, huyu huyu mwenye duka la mchele Morse Road kule Columbus anayewahubiria watu sasa, alikuwa na yake chini ya mihogo. Mama akachukua jembe mchana kweupe, akafukua, akaifunga na kuni, akaitwika kichwani mpaka kwa wale wa magari meupe. Hakungoja jirani aanze. Elia alimtukana matusi ambayo mtoto hamtukani mzazi, akasema umeniua, sasa wale wa upande wa pili watakuja watanikuta mikono mitupu. Mama akamjibu kwamba bora amzike mikono mitupu kuliko amzike na chuma chake. Walikuja kweli, wiki chache baadaye. Waliokutwa na bunduki walichukuliwa. Elia walimwacha, amekaa mlangoni anamenya mihogo. Haipendi hadithi hiyo. Mwulize kesho.

Sasa hiki ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Leo asubuhi nilimwambia Bibi Yun kwamba unaenda Korea. Nilikuwa nimemficha. Nilidhani atafurahi kidogo, mtu wa kwake anafika kwao, pengine atakutuma picha. Alikuwa anafunika lile bakuli. Akaniuliza unaenda kama nani. Nikasema askari. Akauliza utakaa wapi. Nikasema sijui, upande wa Kusini, karibu na mstari. Akalifunika bakuli vizuri, akafuta meza, akakaa. Nikaona mdomo unatafuta maneno ya Kiingereza. Akaniambia: "Mwambie mtoto wako asimuue kaka yangu."

Riziki, nilishika ukuta.

Sikiliza. Mzee yule kama yuko hai amepita miaka tisini, sijui ana meno mangapi. Wao huko kambini kwenu watakuonyesha ramani, watakuambia ng'ambo hii ni adui, makombora yao yako hapa na hapa. Watakuwa wanasema kweli, makombora yapo. Lakini ng'ambo hiyo yuko mzee mmoja ambaye dada yake anamfunikia wali hapa Louisville, na mimi mama yako ndiye niliyeula jioni zote za miaka hii. Umemjua sasa. Huwezi tena kusema hukumjua. Siku wakikuuliza jambo lolote linalomgusa mzee yule, usiseme yesi kwa sababu mwenye karatasi anatabasamu. Nilikufundisha vibaya. Kuna hapana, Riziki, na inaweza kukugharimu, na wanaweza kukurudisha nyumbani kwa aibu. Rudi. Mlango nitafungua mimi.

Sikuombi ugeuze jeshi zima. Sikuombi hata uache kesho, nimeshachelewa kwa hilo. Nataka tu uende ukiwa na mtu huyo kichwani. Watakufundisha kuosha. Wewe waulize, kila watakapokupa nafasi na hata wasipokupa, ni lini watakifukua kile kitu wakitoe duniani, cha huku na cha kule, kizima siyo kibovu. Wachoshe. Umenirithi mimi kwa mdomo, utumie.

Na baada ya kushika ukuta nililia, nikiwa nimeinama kwenye sinki, kwa sababu nilijiona. Mwanamke huyu hajamwona kaka yake tangu akiwa msichana mdogo na hajakubali hata siku moja afe. Mimi binti yangu yuko sebuleni kwetu, anapumua, anakunja nguo zake, anaimba akidhani siko, nikamwua kwa mdomo wangu mbele ya ukumbi mzima. Kwa nini? Kwa sababu niliogopa kungoja. Nilitaka kulia mara moja yaishe. Nilichoka kabla hata hujaondoka.

Nimewapigia simu. Nimeanza na mjomba wako, nikamwambia awaite wote waliokuwa ukumbini Pasaka. Amelalamika kwamba Columbus si hapa nyuma ya nyumba, kwamba watu wana zamu ghalani, kwamba ningeweza kulitoa neno kwa simu, waniwekee spika. Nikamwambia nililisema nikiwa nimesimama, nitalitoa nikiwa nimesimama. Wanaanza safari alfajiri.

Kwa hiyo kesho kwenye uwanja wa ndege utawakuta wazee wetu wamesinzia kwenye viti na vitenge vyao, na wamama wamebeba vyakula ambavyo hawataruhusiwa kuviingiza. Wenzako wa jeshi watashangaa. Simama wima, usione haya. Nitakushika kichwa kwa mikono miwili mbele yao wote, na sitanong'ona. Bado nitakuwa na hasira, usitegemee sura nyingine. Nitawaambia kwamba niliwadanganya, kwamba mtoto wangu hajafa, yuko hapa, mwoneni, ana jina, na anayetaka kumlia ataanza na mimi.

Mama yako.